Trekta la Mbao Huanzia kwenye Magurudumu ya Nyuma

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kutengeneza trekta dogo la mbao, lenye injini inayoonekana, usukani na mikono ya kunyanyulia jembe, huwa tayari wameshaanza kuchonga boneti. Nawaelewa, kwa kuwa boneti ndiyo sura ya trekta na ndiyo inayotambulisha aina yake. Hata hivyo, ushauri ninaousimamia kuliko mwingine wote ni kwamba boneti isubiri, na kazi ianzie kwenye magurudumu makubwa ya nyuma. Kimo cha trekta, mwinamo wa mgongo wake, nafasi iliyopo kati ya madigadi na tairi, hata urefu wa kiti kutoka ardhini, vyote hupimwa kutoka kwenye ekseli ya nyuma, na kimo cha ekseli hiyo hakijulikani mpaka gurudumu liwepo. Boneti iliyochongwa kwa ustadi ikiwekwa juu ya magurudumu yaliyopungua milimita tatu tu, mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, lakini ataona wazi kwamba kitu kilicho mbele yake hakijawa trekta.

Kabla ya kushika msumeno, chagua trekta moja halisi na ulisome hilo hilo. Kwa anayeanza, linalofaa zaidi ni trekta la zamani lisilo na kabini, kwa sababu viungo vyake viko nje na kila kimoja kinaonyesha kazi yake. Ninalolipenda mimi ni Ferguson TE20, trekta dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956. Yalitengenezwa zaidi ya nusu milioni, kwa hiyo picha na michoro yake si adimu, na hata leo yapo mengi yanayotunzwa na wapenzi wake. Ukiweza kulifikia trekta lenyewe, nenda na futi ya kupimia na daftari. Ukikosa, picha iliyopigwa ubavuni, kutoka mbali, ikiwa imelielekea trekta moja kwa moja, inatosha. Picha ya karibu hukuza gurudumu lililo jirani na kamera na kudogosha lile la mbali, kwa hiyo vipimo vinavyotolewa humo haviaminiki.

Ili picha igeuke kuwa mchoro, unahitaji kipimo kimoja cha kweli, na tairi ndilo linalokupa. Tairi la nyuma la TE20 huandikwa 10-28, na ile 28 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 711. Kwa uwiano wa 1 kwa 16, ambao naupendekeza kwa karakana ya nyumbani kwa sababu kazi inabaki kubwa kiasi cha kushikika na ndogo kiasi cha kuenea mezani, rimu hiyo inakuwa milimita 44.4. Kumbuka tu kwamba ukingo wa rimu unaouona kwenye picha hutokeza kidogo nje ya kipimo hicho. Umbali kati ya ekseli mbili ni inchi 70, ambao kwa uwiano huo unakuwa kama milimita 111, na kwa kulinganisha vipimo hivyo viwili utagundua mapema kama picha yako inakudanganya.

Sasa tuje kwenye gurudumu, na hapa nitakaa kidogo.

Mbao husinyaa na kutanuka kufuatana na unyevu wa hewa, tena si kwa usawa. Kuelekea urefu wa nyuzi hubadilika kidogo mno, lakini kuufuata mzingo wa pete za mti husinyaa takribani mara mbili zaidi ya inavyosinyaa kutoka kitovuni kwenda kwenye gome. Ndiyo maana duara lililokatwa kutoka ubao mmoja mnene huelekea kuwa yai baada ya muda, na pengine kupasuka kitovuni. Dawa yake ni kugandisha pamoja mbao tatu nyembamba, ile ya katikati nyuzi zake zikiwa zimekatiza za wenzake, na kuziacha kwenye klampu hadi gundi ikauke kabisa kabla ya kukata duara. Kwa tairi natumia mpingo, kwa sababu weusi wake ni wa asili na hauhitaji rangi. Ni mbao ngumu na nzito kiasi cha kuzama majini, na ina mafuta, kwa hiyo futa sehemu ya kugandisha kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Kwa rimu chagua mbao ya rangi iliyofifia ili mpaka kati yake na tairi uonekane. Asiye na mashine ya kukereza anaweza kufunga duara kwa boliti kwenye dreli iliyokazwa kwenye jiliwa, kisha, kwa mwendo wa polepole, akalisawazisha kwa msasa uliobandikwa juu ya kipande cha ubao ulionyooka.

Kisha yanakuja meno ya tairi, ambayo ndiyo roho ya kazi nzima. Tairi la trekta lisilo na meno ni gurudumu tu. Mimi huweka meno 20 kila upande, maana yake jino moja kila baada ya nyuzi (digrii) 18 za duara, na yale ya upande wa pili nayasogeza nyuzi 9 ili yaingie katikati ya nafasi za wenzake. Migawanyo hiyo ichorwe kwenye duara la karatasi, na karatasi ibandikwe kwenye uso wa gurudumu hadi kazi iishe. Kila jino hulala kwa mshazari wa nyuzi kama 45, likianzia begani mwa tairi na kuvuka kidogo mstari wa katikati. Tatizo ni kwamba kijiti kilichonyooka hakikai juu ya mviringo. Hugusa katikati tu, ncha zake zikabaki hewani, na gundi inayojazwa kwenye mianya hiyo huonekana vibaya baadaye. Kabla ya kubandika jino lolote, zungushia gurudumu msasa, upande wa chenga ukitazama nje, kisha usugue kila kijiti juu yake kwa mshazari ule ule wa nyuzi 45. Baada ya misuguo michache tumbo la kijiti litakuwa na mzingo wa gurudumu, na ukikiweka mahali pake kitatulia chenyewe hata kabla ya gundi.

Zingatia pia mwelekeo. Ncha ya kila kabari, yaani umbo la V, inayoundwa na meno ya pande mbili ndiyo inayotangulia kugusa ardhi trekta linapokwenda mbele, kwa hiyo ukilitazama gurudumu kutoka juu, ncha zinaelekea mbele. Kwa kuwa rimu ina upande wa nje na upande wa ndani, gurudumu la kushoto na la kulia lazima yawe kinyume cha mwenzake kama vile mtu na kivuli chake kwenye kioo. Atakayetengeneza mawili yanayofanana kabisa atakuta moja linasukuma mbele na jingine linarudi nyuma, na mkulima yeyote atalibaini hilo papo hapo. Matairi ya mbele ni habari nyingine. Kazi yake ni kuongoza, si kuvuta, na kwa hiyo yana matuta yanayozunguka tairi lote, ambayo kwa mbao ni mifereji michache tu.

Magurudumu yakikamilika, mwili unafuata. Tangu trekta la Fordson lilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1917, matrekta mengi madogo yamekuwa hayana fremu ya kubebea injini. Injini, giaboksi na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, hufungwa moja nyuma ya nyingine kwa boliti, na vyenyewe ndivyo uti wa mgongo. Fuata mpango huo huo. Tengeneza vitalu vitatu, viunganishe kwa vijiti vya duara vilivyopenya kutoka kimoja hadi kingine, na uvikague kwa skwea kabla gundi haijashika. Usitegemee gundi peke yake pale ncha za nyuzi zinapokutana, kwa maana kiungo cha namna hiyo ni dhaifu. Ekseli ya mbele ishikwe kwa pini moja katikati ili iyumbe kushoto na kulia, kama ilivyo kwa trekta halisi, ambalo kwa njia hiyo huweka magurudumu yote manne ardhini hata shamba likiwa na mashimo.

Kuhusu vipande vidogo nina kanuni moja, nayo ni kwamba kipande kisikatwe mpaka kimekamilika. Nati za gurudumu, kwa mfano, ambazo kwa uwiano huu zina upana wa milimita moja na nusu hivi, hutengenezwa kwa kuranda kijiti kirefu hadi kiwe na pande sita, kisha kukikatakata kwa wembe. Pedeli, kifuniko cha tangi na kichwa cha gia vichongwe vikiwa bado kwenye ncha ya fimbo unayoweza kuishika vizuri. Usisukume kamwe kipande kifupi kuliko kidole kwenye msumeno wa umeme.

Boneti, iliyosubiri muda wote huu, haina ugumu mkubwa. Tabaka tatu au nne za vinia, yaani mbao nyembamba sana, zilizolainishwa kwa maji ya moto na kubanwa juu ya kalibu ya mbao hutoa ganda jembamba linalofunguka na kuonyesha injini, jambo ambalo kitalu kilichochongwa hakiwezi.

Nyuma ya trekta pasiharakishwe. Mfumo wa Ferguson wa kushika jembe kwa ncha tatu, mikono miwili chini na mmoja juu, ndio ulioipa TE20 sifa yake. Mikono ya chini huning'inia kwenye fito mbili zinazonyanyuliwa na haidroliki, na ufito wa kulia una mpini wa kuzungushwa ili kusawazisha jembe, ilhali wa kushoto hauna. Tofauti hiyo ndogo ikiwekwa mahali pake, anayelijua trekta atakaa akiitazama kwa muda. Tumia pini za shaba kwenye viungo hivi, maana mbao yenye upana wa milimita mbili iliyotobolewa hupasuka upesi isipotobolewa ikiwa bado pana na kupunguzwa baadaye.

Umaliziaji wangu ni mafuta, si rangi, ili mbao zijisemee. Mafuta yapakwe baada ya gundi, kwa kuwa gundi haishiki juu ya mafuta, na pale patakapogandishwa kitu baadaye pafunikwe kwa utepe. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke au vitumbukizwe kwenye maji, kwa sababu vikikunjwa na kutupwa kwenye kona hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vumbi nalo lisidharauliwe. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mpingo huwasha ngozi na pua za watu wengi. Vaa barakoa inayobana vizuri kila unaposhika msasa, na usafishe meza kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kupuliza.

Usukani na bomba la moshi viwekwe mwisho kabisa, mafuta yakiwa yameshakauka, kwa sababu ndivyo vinavyotokeza zaidi na ndivyo mkono hugonga kila trekta linapogeuzwa juu ya meza.