Maswali na majibu: suji ya kiamshakinywa na ya halwa

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu suji, ile ngano iliyosagwa ikabaki chengachenga, ambayo pakiti nyingine huiandika semolina na nyingine rava. Msomaji ataona kwamba majibu kadhaa yanaanzia mahali pamoja, yaani kwenye kukaanga suji ikiwa kavu, kwa kuwa hapo ndipo mapishi mengi ya namna hii hutengenea au huharibikia.

*Upma yangu, ile suji ya chumvi ya kiamshakinywa, hutoka na madonge, na ikipoa huwa kama ugali uliolala. Nakosea wapi? (Manyatta, Kisumu)*

Anza na moto. Suji hukaangwa bila maji, kwa moto mdogo, ikigeuzwa mfululizo kwa dakika tano hadi nane, mpaka chenga zianze kuteleza kwenye mwiko bila kushikana na harufu ya ngano ipande, lakini kabla rangi haijawa ya kahawia. Suji mbichi inapokutana na maji ya moto, wanga ulio juu ya kila chenga huvimba mara moja na kuzigandisha pamoja, ilhali ile iliyokaangwa hunywa maji polepole na kila chenga huiva peke yake.

Baada ya hapo, pasha vijiko vitatu vya mafuta na utie nusu kijiko cha chai cha mbegu za haradali, kisha usiongeze kitu chochote mpaka zimalize kupasuka, maana haradali isiyopasuka huacha uchungu mdomoni. Zifuatwe na kijiko cha chai cha dengu ya urad iliyobanguliwa, na ikishapata wekundu, tia majani ya mchuzi, tangawizi iliyokatwakatwa, pilipili mbichi na kitunguu. Kitunguu kikilainika, mimina vikombe viwili na nusu vya maji kwa kila kikombe cha suji, tia chumvi, na usubiri maji yachemke kwelikweli, si kutoa mvuke tu. Punguza moto, kisha mkono mmoja unyunyize suji kidogo kidogo huku mwingine ukikoroga. Tatizo la wengi wetu tuliolelewa magharibi mwa Kenya ni kwamba mkono ukiona unga ndani ya maji yanayochemka hutaka kusonga, na upma haisongwi. Ikishakunywa maji, funika kwa dakika mbili, zima moto, uiache ijiivishe kwa mvuke wake dakika tano nyingine, halafu ukamulie limau na kuinyunyizia dania. Kuhusu kupoa, hata ya mpishi hodari hushikana ikikaa. Ukitaka kuipasha, irashie maji ya moto na uichambue kwa uma.

*Nilinunua pakiti ya idli rava nikapikia halwa, nayo ikawa kama wali uliovurugika. Je, suji ilikuwa imeharibika? (Kakamega)*

Haikuharibika, ila haikuwa suji. Idli rava ni mchele uliovunjwavunjwa, na kazi yake ni kuchanganywa na urad iliyorowekwa na kusagwa, kisha kuachwa usiku kucha uchachuke, ili kupata idli, yaani vikate laini vinavyopikwa kwa mvuke. Wahindi wamefanya biashara Kisumu tangu reli ilipofika huko mwaka 1901, na maduka yanayowahudumia huweza kupanga rava za aina kadhaa kwenye rafu moja, kwa hiyo soma orodha ya viambato badala ya jina kubwa lililo mbele. Ikiandikwa ngano, ndiyo. Chenga nene zinafaa upma, na zile laini zinafaa halwa na ladu, yaani vidonge vitamu vya mviringo.

*Sheera, yaani halwa ya suji, ile laini inayong'aa hupikwaje? Yangu hukauka, na chenga hubaki ngumu ndani. (Busia)*

Bila shaka unatia sukari mapema na kuionea uchungu samli. Sukari hushindana na suji kuyapata maji, hivyo ikitangulia, chenga hazipati maji ya kutosha na hubaki na kiini kigumu hata ukipika kwa muda mrefu. Suji na ilainike kwanza, sukari ifuate.

Kwa kikombe kimoja cha suji laini, tumia robo tatu ya kikombe cha samli, kikombe kimoja kisichojaa cha sukari, na vikombe viwili na nusu vya maji au vya maziwa yaliyochanganywa na maji. Kaanga korosho na zabibu kavu kwenye samli kidogo, uziopoe, kisha tia samli iliyobaki na suji, ukiendelea kugeuza kwa moto mdogo kwa muda wa dakika kumi, hadi iwe na rangi ya dhahabu hafifu na samli ianze kujitenga pembeni. Maziwa yawe yanachemka kwenye sufuria nyingine. Yamimine kwa uangalifu, uso wako ukiwa mbali, kwa sababu suji iliyo ndani ya samli ya moto huruka kwa nguvu. Yakishanyweka, funika dakika tatu, ndipo utie sukari. Mchanganyiko utalegea ghafla kiasi cha kukutia hofu, lakini endelea kugeuza utashikana tena, na samli ikianza kutokeza kandokando, umefika. Malizia na iliki iliyosagwa.

Wahindu wengi wa magharibi mwa India huipika sheera kwa ibada ya Satyanarayan, wakipima suji, samli na sukari kwa kiasi kimoja na kuongeza ndizi mbivu iliyopondwa. Ndizi tamu za Kisii zinaifaa sana kazi hii. Samli ya nyumbani, ile Waluo huiita mo alenya, inaweza kutumika, ingawa kwa maoni yangu harufu yake huifunika iliki, nami ningeichanganya nusu kwa nusu na samli ya dukani.

*Idli zangu za suji hufura vizuri, kisha hunywea katikati mara tu ninapofunua. (Nakuru)*

Mji wako uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94, wakati Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, huchemka karibu na 96. Mvuke wako una joto pungufu, na hewa ya soda hutanuka zaidi, kwa hiyo idli hupanda haraka kabla katikati hapajaiva. Punguza soda hadi chini kidogo ya robo kijiko cha chai kwa kikombe cha suji iliyokaangwa, na upike kwa dakika 18 badala ya 12 au 15. Mtindi mzito robo tatu ya kikombe unatosha. Ukitumia maziwa lala, punguza maji. Acha mchanganyiko utulie dakika 20, utie soda mwisho kabisa, na uupeleke kwenye mvuke papo hapo. Vibakuli vidogo vya chuma vilivyopakwa mafuta vinatosha kama huna vyombo vya idli, na kitambaa kilichofungwa kwenye kifuniko kitazuia matone ya maji yasiziangukie. Kuhusu asili ya idli za suji, mkahawa wa Mavalli Tiffin Rooms wa Bengaluru, India, husema ulizibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mchele ulipoadimika.

*Suji yangu hupata fukusi kila mara. (Kisumu)*

Joto na unyevu wa ziwa ndio sababu. Ikaange yote siku unayoinunua, ipoe kabisa, ifunge kwenye mtungi usiopitisha hewa, na ukiwa na friji iweke humo.

*Mume wangu amekatazwa ngano na daktari. Je, suji ni salama kwake, na unga wa mahindi unaweza kuchukua nafasi yake? (Bungoma)*

Suji ni ngano, kwa hiyo hapana. Unga wa sembe nao ni laini mno na utakupa uji mzito. Peleka mahindi makavu kwenye posho mill na uombe yapasuliwe tu bila kusagwa, kisha uchekeche unga utoke. Chenga zinazobaki hupikika upma nzuri, na huko India kusini zipo zinazouzwa kwa kazi hiyohiyo. Zikaange kama suji, ila uzipe vikombe vitatu vya maji na takriban dakika 15 zikiwa zimefunikwa, ukionja kabla ya kuzima moto. Kwa kuwa mashine hiyo huenda husaga ngano pia, omba isafishwe kwanza, au utwange kwa kinu chako nyumbani.