Kabla hujalipia laptop ya mtumba, soma namba ya prosesa

Swali ninaloletewa kuliko yote kwenye meza ya ufundi ni hili: "Fundi, nichukue i5 au i7?" Hayo ni majina ya familia za prosesa za Intel, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta. Nami huuliza kwanza: ya kizazi cha ngapi, yaani toleo la ngapi? Stika ya i7 peke yake haikuambii mashine ina nguvu kiasi gani.

Chukua i7-7500U, iliyotoka 2016. Ina kori mbili, yaani sehemu mbili za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata ikatoka i5-8250U yenye kori nne. Bado nawaona watu wakiongeza pesa ili wapate ile ya kwanza, ilhali ukifungua programu nyingi kwa pamoja, ya pili inaiacha mbali.

Kizazi kinasomwa baada ya kistari: 8250 ni cha 8, 10210U ni cha 10. Hapa wengi huteleza kwenye i5-1135G7. Wakiona tarakimu nne wanadhani ni cha kwanza, kumbe ni cha 11. Tena usiiamini stika, maana hubandikwa yoyote. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa prosesa kwa macho yako. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Wanafunzi huniambia kwamba darasani vizazi ni vinne au vitano tu. Ni kweli, ile ni hesabu nyingine, inayofuata kifaa kilichofanya kazi ndani ya kompyuta. ENIAC ya 1946 ilikuwa na mirija ya ombwe (vifaa vya kioo vilivyofanya kazi kama swichi) kama 18,000, ikila umeme wa kilowati 150 hivi. Transista, swichi ndogo ya umeme iliyobuniwa kwenye maabara ya Bell Labs 1947, ikachukua nafasi ya mirija hiyo. Kisha zikaja saketi unganishi, yaani transista nyingi ndani ya chipu moja, na 1971 Intel ikatoa 4004, prosesa nzima ndani ya chipu moja yenye transista 2,300. Vizazi vya dukani vyote vimejengwa juu ya hatua hiyo ya mwisho. Faida, hata hivyo, ni ileile tangu enzi za mirija: kazi nyingi zaidi kwa umeme kidogo. Kwenye laptop utaiona kwenye betri na kwenye joto.

Ushauri wangu kwa sasa ni kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi hicho cha 8, isipokuwa prosesa chache sana za cha 7.

Bajeti ikibana, chukua i5 ya kizazi kipya, na pesa inayobaki uweke SSD, hifadhi ya chipu yenye kasi zaidi, kama ndani kuna diski ya kuzunguka. RAM, kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa, nayo iulizie mapema. Laptop nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo ukinunua ya GB 4 utabaki na GB 4.