Mtoto "hasomi"? Muulize amejuaje

Wazazi wakileta mtoto tuisheni maneno ni yaleyale, mwalimu, huyu mtoto hasomi kabisa, kutwa yuko na simu. Sawa, ila kwenye simu anafanya nini? Hawa wangu wa kidato cha pili na cha tatu wanasoma sana tu, tetesi za usajili, stori za mfululizo za kwenye magrupu zinazokatwa na ITAENDELEA palepale mtu anapofungua mlango, na komenti, komenti ndo usiseme, wanazimaliza zote.

Kuna siku dogo mmoja kaja anashangilia skrinshoti ya mchezaji eti kasaini Msimbazi, yaani Simba. Mwenzake kaitupia jicho tu, feki hiyo. Kivipi? Jina la akaunti limeongezwa herufi moja, jezi ni ya msimu uliopita, halafu klabu yenyewe kimya wakati wakisajili hawalali kwa mbwembwe. Sasa huyohuyo mtaalamu kwenye History kaulizwa udhaifu wa masimulizi ya mdomo kama chanzo cha historia akaacha nafasi tupu. Nani kasema, ana maslahi gani, nini kingine kinathibitisha, si ndo hayo hayo aliyoyafanya kwenye skrinshoti?

Mimi naona shida ni kwamba kwenye simu swali ni lake mwenyewe na wanaomsikiliza wanajua anachoongelea, akisema "feki" inatosha. Kwenye karatasi swali ni la mtu mwingine na msahihishaji hamjui, lazima aeleze hatua kwa hatua. Ongeza na lugha, aliyetoka shule ya msingi ya serikali kasoma kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, kwa hiyo hoja anayo ila maneno ya kuibeba hana.

Ushauri wangu, acheni kuuliza "umesoma?" ulizeni "umejuaje?" Binti mmoja alikuwa anafuatilia stori fulani akaniambia teacher, mwizi ni baba mdogo. Umejuaje? Akapandisha juu mpaka sehemu za nyuma huko akanionyesha, baba mdogo alisema "poleni kwa cheni" na hakuna aliyekuwa amemwambia kilichoibiwa ni cheni! Nikamwambia haya andika hivyohivyo, kama unamweleza bibi yako ambaye hajaisoma, na huo mstari uunukuu. Akaandika aya nzima bila kulalamika. Tulipofika kwenye tamthiliya ya darasani nikamuuliza swali hilohilo kuhusu mhusika, akafungua kitabu kutafuta ushahidi badala ya kunitapikia "fani na maudhui" za kwenye notsi. Kwa masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza wanaanza kuandika hoja kwa Kiswahili kwanza halafu ndo tunaihamisha, najua kuna walimu hawapendi hilo, mimi nimeona linasaidia.

Ila msizidishe. Ukigeuza kila stori yake kuwa zoezi ataacha kukuonyesha, na mwalimu anayeingia darasani na misemo ya TikTok ili aonekane wa kisasa wanamcheka tu, nawaambia ukweli. Na simu peke yake haitoshi, komenti ni mistari miwili mitatu na ikikuboa unapitiliza, kifungu cha ufahamu hakipitilizwi. Kwa hiyo kwangu kuna muda simu zote zinawekwa juu ya kabati tunasoma kurasa kadhaa kwa sauti, kwa kupokezana, wanaguna lakini wanasoma.

Kwenye kopi za kurasa hizo nawaruhusu waandike komenti zao pembeni kwa penseli, hata "muongo huyu" inatosha, tukimaliza nazipitia moja moja, umejuaje, na hapo utawaona wanarudi wenyewe kuutafuta mstari. Ila iwe kopi jamani, kitabu cha shule mkikichora mtakilipa.