Hatimiliki Ndani ya Kaya: Je, Tufuate Njia ya Waogiek?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mdigo ninayeishi Likoni, Mombasa. Katika kaya yetu, yaani msitu mtakatifu wa jadi, iliyoko Kwale wazee hufanya matambiko hadi leo, lakini ametokea mtu mwenye hatimiliki ya upande mmoja wa msitu, naye ameanza kuweka mawe ya mipaka. Vijana wanasema twende Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kama Waogiek. Je, inafaa?

JIBU: Ndugu yangu, Arusha huendewa mwisho. Waogiek wa Msitu wa Mau walipewa ilani ya kuhama mwaka 2009, na ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyolifikisha shauri lao katika Mahakama ya Afrika mwaka 2012, kwa kuwa raia wa Kenya hawezi kuishtaki Serikali moja kwa moja katika mahakama hiyo. Hukumu ilitoka Mei 2017 na fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 ikaamriwa Juni 2022, lakini utekelezaji umesuasua. Zaidi ya hayo, Tume hutaka kwanza njia za mahakama za nchini zimalizike.

Mwanzo wenu ni Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010, ambayo huihesabu kuwa ardhi ya jamii ile inayotumiwa na jamii kihalali kama msitu wa jamii, malisho au mahali pa ibada. Kifungu hicho hakiulizi nani alitangulia kufika, kwa hiyo anayewakumbusha habari za Singwaya, nchi ya kaskazini ambako masimulizi husema Wamijikenda walitoka, hajawajibu kitu. Ulizeni pia katika ofisi za Makumbusho ya Taifa, Fort Jesus, kama kaya yenu ni miongoni mwa zile zilizoanza kutangazwa kuwa turathi za kitaifa mwaka 1992, kwa maana kaya iliyotangazwa hulindwa na sheria hata pale mtu anaposhika hati.

Kilichowasaidia Waogiek ni ushahidi wa jinsi maisha na ibada zao zilivyofungamana na msitu. Wazee wenu basi waandikishe viapo wakieleza makaburi, njia za kuingilia na mahali pa matambiko. Siri za fingo, yaani kago lililozikwa kuilinda kaya, kwa maoni yangu, zibaki kwao, kwani shauri hili linahitaji kuthibitisha matumizi tu. Kwa viapo hivyo wakili wenu aombe amri ya zuio katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kabla msitu haujaanza kufyekwa.