Uliza Mchapaji: Kadi Zimeisha, Simu Hailii

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa viyoyozi, nimejiajiri. Tangu mwaka jana nahudhuria kila mkutano wa wafanyabiashara ninaousikia. Navaa vizuri, nasalimia watu, nagawa kadi hadi zinaisha. Wote huniambia "tutawasiliana", kisha kimya. Mke wangu ananikumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nibaki na vifaa vyangu, nifanye kazi safi, wateja watakuja wenyewe. Nimsikilize?
*Fundi wa viyoyozi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijastaafu nilikuwa na duka la uchapaji, na kadi za biashara ndizo zilizonilipia pango. Hata hivyo nitakwambia nilichokiona pale kaunta. Waliokuwa wakirudi haraka kuchapisha kadi nyingine, mara nyingi si wao waliokuwa wakikua. Biashara inayokua nilikuwa naitambua kwa vitabu vya ankara na risiti. Wapo waliochapisha kadi mara moja tu, wakazitumia hadi wakabadilisha namba ya simu, lakini vitabu vya risiti walikuwa wakivifuata kila mara, tena kwa haraka.

Mkeo amepatia nusu. Chema chajiuza, lakini kinajiuza kwa mdomo wa mtu, na mtu huyo ana sababu zake za kunyamaza. Akimwambia rafiki yake "mwite fulani", ameliweka jina lake dhamana. Ukiharibu, rafiki hatagombana na wewe asiyekujua, atagombana na yeye. Sasa mfikirie yule uliyesalimiana naye dakika mbili huku macho yako yakimtafuta wa kumpa kadi inayofuata. Atakudhamini kwa lipi?

Anza na namna unavyojieleza. Ukisema "natengeneza viyoyozi", umesema kitu ambacho kila mtu anaweza kukisema na hakuna atakayekikumbuka. Jaribu hivi: "Nashughulika na viyoyozi vya maofisini vinavyodondosha maji, na nafanya kazi jioni watu wakishatoka." Halafu mpe ishara ya kukukumbukia: "Ukisikia mtu analalamika kwamba dari la ofisi lina madoa ya maji, huenda mrija wa kutolea maji wa kiyoyozi umeziba. Huyo ndiye mtu wangu." Sasa ana kitu cha kusikiliza. Siku mtu akilitaja doa la dari mbele yake, wewe ndiye utakayemjia akilini. Usiogope kwamba umejipunguzia soko. Anayekuita kwa ajili ya maji yanayodondoka atakuuliza pia kama unafunga mashine mpya.

La pili ni nani unamtafuta. Wengi huenda mikutanoni kumwinda mteja. Mimi ningemtafuta mtu anayeingia kwa mteja kabla yangu: fundi umeme, dalali wa majengo, msimamizi wa jengo, fundi wa kompyuta. Huyu wa kompyuta usimpite, maana chumba cha seva kikikosa ubaridi yeye ndiye wa kwanza kupigiwa kelele. Wazo hili ni la zamani. Paul Harris, mwanasheria wa Chicago, alipoanzisha klabu ya Rotary mwaka 1905, wenzake watatu walikuwa muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Walikutana kwa zamu katika ofisi za kila mmoja, na kanuni yao ilikuwa kila fani mtu mmoja. Siku zile za mwanzo kupeana biashara halikuwa jambo la kificho kati yao, na mshona nguo hakuwa na mshona nguo mwenzake wa kugombania naye mezani.

Wala usidhani ni lazima muwe marafiki wa kufa na kuzikana. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa matokeo ya utafiti ambamo aliwahoji watu wa kitongoji cha Boston waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana mara ngapi na aliyewapa habari. Asilimia 16.7 tu walijibu mara kwa mara, yaani walau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na 27.8 wakasema kwa nadra, mara moja kwa mwaka au pungufu. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari ngeni inatoka kwa anayetembea njia usizopita.

Lakini huyo wa mbali atakusahau usipomshika. Mkiachana, andika nyuma ya kadi yake mlichozungumza, kabla hujalala. Kesho yake mtumie ujumbe mfupi unaohusu shida yake. Alitaja kwamba anatafuta mtu wa kumtengenezea mabango? Mpe jina la unayemwamini. Orodha ya huduma zako isubiri. Sipendi kabisa ujumbe wa "nimefurahi kukufahamu" wenye viambatanisho vitatu vya matangazo. Mimi nilikuwa naufuta bila kuufungua.

Sasa nifike kwenye lile ambalo karibu kila mtu huliruka. Ukielekezewa mteja, mrudishie habari aliyekuelekeza. Mwambie umempigia. Mwambie umekwenda. Kazi ikiisha, mwambie imeisha, na kama mlishindwana bei, mwambie hilo pia. Nilikuwa na mteja mpima ardhi. Kila alipokuja kuchukua vitabu vyake alinipa taarifa ya watu niliowatuma kwake, mmoja mmoja, pamoja na waliomkataa. "Yule mama wa kiwanja cha kona aliona ghali, lakini tumeagana vizuri." Ilimchukua dakika moja. Wapima wengine wawili walikuwa wateja wangu, hodari kama yeye, nami sikuwahi kujua niliowatuma kwao waliishia wapi. Mtu akiniuliza pale kaunta kuhusu mpima, unadhani jina gani lilinitoka?

Na uombe. Si mikutanoni, omba siku unayokabidhi kazi, mteja anapogusa ubaridi na kutabasamu. Ukimwambia "kama kuna mtu yeyote anahitaji fundi", atakujibu sawa, na hapo ndipo mwisho wake. Muulize jambo analoweza kulijibu papo hapo: "Ofisi iliyo ghorofa ya juu yenu, nani anayesimamia matengenezo? Unaweza kunitambulisha kwake?" Namba tupu ya simu haitoshi, kwa sababu ukiipiga wewe ni mgeni. Akikutambulisha mwenyewe, hata kwa ujumbe wa mistari miwili, unaingia ukiwa umeshikwa mkono.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mpambaji wa kumbi. Kuna mpiga picha anayeniletea wateja wazuri. Sasa anataka asilimia 10 ya kila kazi anayonitafutia. Nikikataa nahofia atampelekea mwingine. Nikikubali najiona kama nanunua sifa. Nifanyeje?
*Mpambaji*

JIBU: Nzuri, dada yangu. Kumlipa anayekuletea mteja si dhambi, ilimradi fani yenu haikatazi; wanasheria na madaktari katika nchi nyingi wamewekewa mipaka mikali. Na mteja aliyeletwa na mtu ana thamani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wateja wapatao 10,000 wa benki moja ya Ujerumani iliyokuwa ikimpa euro 25 kila aliyemleta mteja mpya. Walioletwa walikuwa na thamani kwa benki kwa angalau asilimia 16 zaidi ya wenzao waliojileta, na hawakuwa wepesi wa kuhama.

Tazama lakini kwamba benki ile ilitoa kiasi kimoja kisichobadilika, tena kidogo. Asilimia ya kila kazi ni jambo jingine. Bei yako itapanda ili kumfidia, na mteja ndiye atakayeilipa bila kujua. Kipimo changu kilikuwa kimoja: je, mteja akisikia mpango wetu, atanuna? Kama mpiga picha hayuko tayari kumwambia bibi harusi "mpambaji huyu hunipa kitu", basi usimpe.

Mimi ningempa kazi badala ya fedha. Wewe unakutana na wenye shughuli mapema, pengine kabla hawajamfikiria mpiga picha. Kaa naye, mwambie utamtaja kwanza kwa kila anayekuuliza, na umtaje kweli. Akishikilia asilimia zake, muache aende kwa amani, kisha tafuta mpiga picha mwingine, na mshereheshaji, na msimamizi wa ukumbi. Kutegemea mdomo wa mtu mmoja ndiko kulikokutia hofu hiyo.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mhasibu na ni mkimya sana. Nikiingia kwenye ukumbi wenye watu wengi natafuta ukuta. Kuna njia nyingine?
*Mhasibu*

JIBU: Marahaba. Bibi bado sijafika, lakini napokea. Wahi. Ukumbi wenye watu sita hautishi, na wanaofika mapema nao wanatafuta wa kuzungumza naye. Au jitolee kukaa kwenye meza ya kuandikisha majina: kila mtu atapita kwako, atakwambia anaitwa nani na anafanya nini, nawe hutalazimika kumsogelea yeyote. Ongea na watu wawili kwa kituo, kisha nenda nyumbani. Wahasibu wakimya tunawaamini zaidi kuliko wale wanaochangamsha ukumbi.

SWALI: Shikamoo mama. Nilimpendekeza binamu yangu, fundi seremala, kwa mteja wangu mkubwa aliyetaka makabati ya ukutani. Amechukua malipo ya awali na sasa hapokei simu. Mteja bado hajaniambia kitu, nimejua kupitia mtu mwingine. Ninyamaze hadi aniulize?
*Mwenye aibu*

JIBU: Marahaba. Mpigie mteja leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu ikiwezekana. Usianze na udhuru wa binamu. Sema: "Nimesikia kilichotokea, mimi ndiye niliyemleta, na nataka kusaidia." Fedha za binamu si deni lako kisheria, na sikushauri ukurupuke kuzilipa. Unachoweza ni kumfuata binamu hadi mlangoni kwake, kumtafuta seremala mwingine aliyekwisha kukufanyia kazi wewe mwenyewe, na kumpa mteja taarifa kila siku hata kama hakuna jipya. Binamu naye aambiwe mbele ya mtu mzima wa ukoo kwamba hutamtaja kwa mteja yeyote mpaka makabati yale yawe yamefungwa ukutani na mteja ametia sahihi kuyapokea.