Kukopesha wavuvi bila kuishia kudai

Dada, kwa vile duka lako liko mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na wadaiwa wengi ni wavuvi wa dagaa, tarehe ya kulipa usiweke mwisho wa mwezi kama unakopesha walimu, weka kipindi cha giza, maana dagaa wanavuliwa kwa taa na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inalala nchi kavu, hela hamna, ukimdai hapo atakukimbia tu. Daftari liwe na jina, namba ya simu, kiasi, siku ya kulipa na asaini hapo hapo, sio unaandika "baba Nani sukari kilo 2" basi. Hajamaliza la zamani hapewi jipya, hata awe shemeji yako. Wateja wa kisiwani Ukerewe watume hela kwanza, mzigo ndo upande meli.