Jibu kwa mzazi wa Kondele, Kisumu, Kenya: mtoto anatishwa kwa picha zake

Pole sana, mama. Umeuliza kama sheria inaweza kumfikia anayemtisha binti yako wa miaka 15 kwa picha za uchi huku akidai pesa. Inaweza, tena kwa ukali. Kesi hizi huharibikia kwenye ushahidi, mara nyingi siku ya kwanza.

Msilipe, msijibu tena, wala msifute kitu. Pigeni skrinshoti zenye nambari, tarehe na saa. Nakilini pia linki ya akaunti yake, maana jina hubadilishwa wakati wowote. Ikiwa pesa zilishatumwa, ujumbe wa M-Pesa ubaki: una jina la mpokeaji. Baada ya hapo mbloku.

Picha zenyewe usimtumie mtu, hata shangazi yake, hata afisa kwa WhatsApp. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinamshika anayezisambaza, na hata anayekaa nazo. Peleka simu yenyewe kituo cha polisi, kwa dawati la jinsia, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Umri usipothibitishwa, kifungu hicho hakisimami.

Usiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na usome walichoandika. Hapa ndipo nakusihi ukaze. Afisa mwenye haraka anaweza kuandika kifungu cha 37, kinachohusu picha za faragha za mtu yeyote: faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kifungu cha 24 kinafika milioni 20 au miaka 25, au vyote viwili. Omba kwa upole kiandikwe cha 24, lakini usibanduke.

Mwambie mpelelezi aagize kampuni husika ya simu au mtandao ihifadhi kumbukumbu za mawasiliano mapema. Agizo la kwanza halizidi siku 30. Skrinshoti nazo zinahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotaja kifaa na jinsi nakala zilivyotolewa, kikiwa na sahihi. Wakili wa utetezi huanzia hapo.

Nambari 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure. Huduma ya Take It Down husaidia kuondoa picha mitandaoni bila picha kutoka kwenye simu yenu.

Mkigundua ni mwanafunzi mwenzake, bado ripotini. Sheria ya Watoto ya 2022 inamwajibisha mtoto kuanzia miaka 12, ila kwa utaratibu wa watoto, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo ahusishwe mapema.